Wageni wa Tomás: kisiwa cha Blascaod na kujifunza Kiayalandi

Katika kiangazi cha mwaka 1907, msomi kijana kutoka Norway aitwaye Carl Marstrander aliwasili katika rasi ya Corca Dhuibhne, kusini-magharibi mwa Ayalandi, akitafuta lugha. Alikuwa na umri wa miaka 23. Kiayalandi cha vitabuni alikwisha kukijua, hasa kile cha kale ambacho wanaisimu wa Ulaya walikuwa wakikichambua kama wachambuavyo Kilatini na Kisanskriti. Alichokikosa ni sikio la kukisikia na ulimi wa kukisema. Alifikia kwanza katika kijiji cha bara, akaona Kiingereza kimekwisha kuingia mno katika mazungumzo ya watu, akauliza ni wapi penye lugha isiyochanganyika. Akaoneshwa baharini.

Kisiwa alichooneshwa huitwa An Blascaod Mór, yaani Blascaod Kubwa. Ni mgongo mmoja wa mlima uliotokeza katika Bahari ya Atlantiki, kilomita chache tu kutoka gati dogo la Dún Chaoin. Lakini kilomita hizo, upepo ukivuma vibaya, huweza kumzuia mtu wiki mbili au tatu. Wakazi wake hawakufika 200. Hapakuwa na duka, wala kanisa, wala daktari, wala mti wa kujikinga na upepo. Watu walivua vibua na kamba koche kwa mashua nyepesi ziitwazo naomhóg, zilizoundwa kwa fito, zikavikwa turubai na kupakwa lami; walipanda viazi, walifuga kondoo mlimani, na waliota moto wa udongo mweusi wa kinamasi, ambao hukatwa kwa koleo na kukaushwa uwe badala ya kuni. Walikuwa na “mfalme”, cheo cha heshima tu, na mfalme huyo ndiye aliyekuwa akivuka kwenda bara kuchukua barua. Marstrander akapata malazi katika nyumba ya mfalme. Alipouliza nani atamfundisha, akatajiwa mvuvi mmoja aliyekuwa pia mwashi, mwenye miaka ipatayo 52: Tomás Ó Criomhthain.

Basi hivyo ndivyo yalivyoanza mafunzo ambayo leo tungeyaita ya kuzama katika lugha. Kwa muda wa miezi mitano, mvuvi na msomi waliketi pamoja saa mbili au tatu kila siku. Siku za mgeni zilipokaribia kwisha, aliomba kikao cha pili, na Tomás, ambaye mchana alikuwa na bahari na viazi vya kumshughulisha, akakubali kumpa jioni zake pia. Wanakisiwa wakamwita mgeni wao An Lochlannach, jina la kale la watu wa Kaskazini waliowahi kuvamia pwani za Ayalandi kwa majahazi. Safari hii Mlochlannach alikuwa ameketi chini kama mwanafunzi. Baada ya kurudi kwao alimpelekea Tomás karatasi, akimwomba amwandikie majina ya wanyama, ndege, samaki na mimea ya kisiwa.

Ili kufahamu kwa nini msomi wa Norway alilazimika kwenda mbali hivyo, yafaa tukumbuke hali ya lugha yenyewe. Shule za serikali zilizoanzishwa mwaka 1831, wakati Ayalandi yote ikiwa chini ya Uingereza, zilifundisha kwa Kiingereza. Mahali pengi mtoto alivishwa shingoni kijiti kiitwacho bata scóir. Kila aliposema neno la Kiayalandi kijiti kilichongwa alama, na jioni alama zilihesabiwa kwa viboko. (Wasomaji waliosoma katika shule ambazo mtoto alivishwa kibao kwa kusema lugha ya nyumbani hawahitaji kuelezwa zaidi.) Kisha likaja balaa la njaa, tangu mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani, na waliokufa na waliohama walikuwa kwa wingi wale maskini wa magharibi, ndio wasemaji wenyewe. Sensa ya mwaka 1851 ilihesabu wasemaji wapatao milioni 1.5. Miaka arobaini baadaye, 1891, walibaki wapatao 680,000. Mwaka 1893 kikaundwa Conradh na Gaeilge, chama cha kuihuisha lugha, na wanachama wake, ambao wengi walikuwa watu wa mijini waliokulia katika Kiingereza, wakagundua kwamba lugha waliyotaka kuihuisha hawaijui. Iliwabidi waende kwa maskini wale wale waliodharauliwa na shule, wawaombe wawafundishe.

Visiwa vya Árann, kaskazini zaidi, vilikwisha kupokea wageni wa namna hiyo kabla ya Blascaod. Wanaisimu wa Kijerumani na Kidenmark walipita huko katika miaka ya 1880 na 1890, na mwaka 1898 John Millington Synge, mwandishi wa tamthilia, alikwenda Inis Meáin akajifunza lugha katika nyumba ya kupanga. Kisa cha Synge kinajulikana sana, nami sitakirudia. Blascaod ina jambo moja ambalo Árann haikulipata kwa kiwango kile: huko wanafunzi walipoondoka, walimu wenyewe waligeuka waandishi.

Nalo lugha hii, je, ina nini hata isijifunzike vema kitabuni? Mswahili ana nafasi nzuri ya kuelewa. Maneno ya Kiayalandi hubadilika mwanzoni. Mashua ni bád. Mashua yangu ni mo bhád, na hutamkwa kwa sauti iliyo karibu na “vaad”. Mashua yetu ni ár mbád, na hapo ile b humezwa, likasikika “maad”. Mgeni anayesikia “maad” hawezi kulipata neno hilo katika kamusi hata akilitafuta hadi usiku, kama vile mgeni wa Kiswahili anavyotafuta “mbao” na “ndimi” asijue kwamba yampasa kuanza na ubao na ulimi. Sisi tuliokulia katika lugha ya viambishi awali hatuoni ajabu neno kubadilika kichwa, ila Mwingereza aliyezoea neno libadilike mkia huchoka mapema. Tena hakuna neno moja la “ndiyo” wala “hapana”. Anayeulizwa hujibu kwa kitenzi kile kile alichoulizwa nacho, kama sisi tunapoulizwa “Una kalamu?” tukajibu “Ninayo.” Hakuna kitenzi cha kumiliki: asemaye Tá Gaeilge agam amesema, kwa neno kwa neno, “Kiayalandi kiko kwangu.” Na mwenye huzuni husema Tá brón orm, huzuni iko juu yangu, kana kwamba ni mzigo aliotwishwa, si kitu alicho nacho moyoni. Sentensi ndogo hiyo hiyo ndiyo hutumika kuomba radhi. Mambo haya yote yaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa sarufi. Kuyajua hata mtu ajibu kabla hajafikiri ni kazi ya miezi mezani kwa watu, wakati viazi vinamenywa na mtu anaulizwa kama bahari imetulia.

Tomás mwenyewe hakuwa mwalimu wa kusomea. Shuleni alifundishwa kusoma Kiingereza tu. Kiayalandi chake alikisema kwa ufasaha ambao wasomi wamekiri hawajausikia kwingine, lakini hakuweza kukisoma hata alipokuwa mtu mzima wa miaka ipatayo 40. Alijifunza kwa nasibu. Bahari ilipochafuka akiwa bara, alikuwa akikwama katika nyumba moja ya Dún Chaoin, na watoto wa nyumba hiyo, ambao walikuwa wameanza kufundishwa kusoma Kiayalandi shuleni, walimsomea hadithi. Akanogewa. Wakampa kitabu, akaendelea mwenyewe. Kwa hiyo hata huyu mwalimu wa maprofesa aliingia darasani kwa kufungiwa na dhoruba, na walimu wake walikuwa watoto.

Kuna kisa kingine cha ujana wake ambacho washairi watakipenda. Asubuhi moja Tomás alipanda mlimani kukata ule udongo wa kuni, akakutana na Seán Ó Duinnshléibhe, mshairi wa kisiwa. Mshairi aliketi nyasini, akamwamuru naye aketi, kisha akaanza kughani utungo wake mrefu, akimtaka kijana autie wote katika karatasi usije ukapotea. Siku ikapita bila koleo kugusa ardhi. Tomás anasimulia kwamba aliona hasara ya siku yake, ila hakuthubutu kuondoka, maana ulimi wa mshairi uliogopwa: angeweza kutungiwa shairi ambalo lingemwaibisha maisha. Yeyote aliyelelewa katika nchi ya mashairi ya majibizano anaifahamu hofu hiyo.

Sasa nifikie mwaka 1909, ambao kwangu ndio kitovu cha historia hii yote, ingawa wanaosifu mafunzo ya visiwani hawautaji mara nyingi.

Agosti mwaka huo alikuwapo kisiwani msichana wa Dublin aitwaye Eibhlín Nic Niocaill, msomi wa chuo kikuu na mwanaharakati wa Conradh na Gaeilge, aliyekuja kujifunza lugha kwa wenyewe. Alikuwa amefanya urafiki na binti wa Tomás, naye akimfundisha msichana huyo kuogelea. Siku moja wote wawili walizidiwa na maji. Domhnall, mwana wa Tomás, alikuwa karibu akichimba viazi. Alitupa koleo, akajitosa baharini na nguo zake. Binti aliokolewa na mvuvi mwingine. Eibhlín na Domhnall walikufa maji.

Tomás hakuwa mgeni wa misiba. Watoto kumi walizaliwa nyumbani kwake, na alikwisha kumzika mmoja aliyeanguka gengeni, na wengine waliochukuliwa na surua na kifaduro. Lakini huyu alikufa kwa ajili ya mwanafunzi. Jamaa za msichana walikuja kumtazama, wakidhani watamkuta na hasira. Katika kitabu chake Tomás anasema kwamba hakuwalaumu. Kama mwanawe alikufa kwa sababu ya yule msichana, haikuwa hatia ya msichana. Analisema hilo kwa maneno machache, kisha anaendelea na habari za kazi. Nimeusoma ukurasa ule mara kadhaa katika tafsiri, na kila mara unanisimamisha. Mwaka uliofuata, 1910, mgeni mwingine alishuka gatini na daftari mkononi, na mzee huyo akaketi naye.

Mgeni wa mwaka 1910 alikuwa Robin Flower, Mwingereza wa idara ya miswada katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Alikuwa amepewa kazi ya kuorodhesha miswada ya Kiayalandi, akafundishwa na Marstrander, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Dublin. Na Marstrander akamwambia aende kule kule alikokwenda yeye. Angalia jinsi mnyororo ulivyoungwa: mvuvi alimfundisha Mnorwe, Mnorwe akamfundisha Mwingereza, Mwingereza akarudishwa kwa mvuvi. Flower alirudi kiangazi baada ya kiangazi, na mkewe na watoto. Wanakisiwa walimpa jina Bláithín, ua dogo, kwa kufasiri jina la ukoo wake. Mchana Tomás alimsomea na kumsimulia, naye akiandika. Alipofariki mwaka 1946, majivu yake yalirushwa juu ya kisiwa.

Hata hivyo Flower alitaka zaidi kuhifadhi yaliyosimuliwa. Aliyemtia Tomás kalamu mkononi ni mwingine, Brian Ó Ceallaigh wa Cill Airne, aliyefika mwaka 1917 kujifunza lugha kama wenziwe. Ó Ceallaigh alimwambia Tomás aandike maisha yake mwenyewe. Tomás hakuona kuna nini cha kuandika: nani atake kusoma habari za mtu avuaye samaki na kujenga kuta? Ó Ceallaigh alileta vitabu vya Maksim Gorky na Pierre Loti, akamsomea, ili aone kwamba maskini wa Urusi na wavuvi wa Brittany wamekwisha kuandikwa na watu wakasoma. Hoja hiyo ilimwingia mzee. Akaanza kuandika kurasa na kuzituma kwa posta. Wapenzi wa tenzi watamkumbuka hapa Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia Alice Werner na William Hichens miswada kwa hati yake nzuri. Tofauti ni kwamba Kijuma alikuwa tayari mshairi na mwandishi miongoni mwa watu wake, ilhali Tomás alipaswa kwanza kusadikishwa kwamba jambo lake ni jambo.

Ó Ceallaigh aliondoka Ayalandi, akafia ugenini Yugoslavia mwaka 1936. Kabla ya kuondoka aliukabidhi mswada kwa mhariri Pádraig Ó Siochfhradha, ambaye aliutoa kitabu cha kwanza, Allagar na hInise, mwaka 1928, na kile kikuu, An tOileánach, yaani Mwanakisiwa, mwaka 1929. Flower alikifasiri kwa Kiingereza mwaka 1934. Tomás alifariki mwaka 1937, akiwa amekiona kitabu chake kikisomwa na watu ambao hawakupata kuikanyaga nchi yake.

Kizazi cha pili kina kisa kisichofanana na cha kwanza. George Thomson, mwanafunzi wa Kigiriki kutoka Cambridge, alifika mwaka 1923 akiwa na miaka 20, akafanya urafiki na kijana aliyekuwa karibu na umri wake, Muiris Ó Súilleabháin. Watu humtaja Muiris kama mzawa aliyekunywa lugha pamoja na maziwa. Sivyo. Mama yake alikufa yeye akiwa mchanga, akalelewa mjini An Daingean kwa Kiingereza, na alirudishwa kisiwani akiwa na miaka ipatayo saba asijue kujibu salamu ya babu yake. Kwa hiyo huyu naye alikuwa mwanafunzi wa kisiwa, tena mwanafunzi aliyefaulu kuliko wote, na nadhani ndiyo sababu kitabu chake kimejaa furaha ya kusikia maneno kama kwamba yamezaliwa asubuhi ile. Thomson alimshawishi asihamie Marekani kama vijana wengine. Akajiunga na polisi ya dola mpya ya Ayalandi mwaka 1927, akapangiwa kazi Connemara, na huko akaandika Fiche Blian ag Fás. Kilichapishwa mwaka 1933, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka huo huo. Muiris alikufa maji mwaka 1950, akiogelea.

Thomson alikuja kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa fasihi ya Kigiriki, na mwenyewe alisema kwamba Homer alimwelewa Blascaod. Anasimulia jioni moja alipokutana kisimani na mwanamke mzee, rafiki yake, ambaye wanawe saba wote walikuwa wamehamia Springfield, Massachusetts. Barua ilikuwa imekuja ikimtaka awafuate. Mama huyo alianza kumweleza mambo yake kwa maneno ya kawaida: taabu za kisiwa, kuku waliopotea, moshi wa nyumba, kisha Marekani ya dhahabu kama alivyoiwaza, safari ya treni, bahari, na shauku kwamba mifupa yake ilale katika udongo wa kwao. Kadiri alivyosema, sauti ikapanda, maneno yakashika mizani, mwili ukaanza kuyumba kwa wizani. Halafu akacheka, akachukua ndoo zake, akaaga. Hakuwa mshairi wa jina wala hakuwa akitunga. Thomson aliliandika jambo hilo katika kijitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu ushairi, na hoja yake ni kwamba ushairi huchipuka katika usemi wa kawaida uliopashwa moto. Mwalimu wa sarufi asingaliweza kumpa somo hilo, wala mwalimu wa Kigiriki.

Wa tatu katika waandishi wakubwa wa kisiwa ni Peig Sayers, mzaliwa wa Dún Chaoin aliyeolewa Blascaod. Alikuwa msimulizi aliyewapa wakusanyaji mamia ya hadithi. Kitabu chake, Peig, cha mwaka 1936, alimwamlia mwanawe Mícheál, ambaye kwa kuwa alikuwa mtunzi wa mashairi aliitwa Maidhc File, Maidhc Mshairi. Kitabu hicho kikaja kupangwa katika mitihani ya sekondari, kikasomeshwa kwa miongo mingi, na vizazi vya wanafunzi wa Ayalandi vikakichukia kwa moyo wote. Watu walikuwa wakivuka bahari kumsikiliza mama huyu usiku kucha bila kuchoka. Alipoingizwa katika darasa la mtihani, jina lake likawa neno la kuchosha. Sidhani kosa lilikuwa la Peig.

Wakati wageni wakiongezeka, wenyeji walikuwa wakipungua. Vijana walikwenda Springfield. Waliobaki hawakupata wa kuwaoa wala wa kupiga nao makasia. Shule ya kisiwa ilifungwa mwaka 1941. Mwanzoni mwa mwaka 1947 kijana mmoja alikufa kwa homa ya uti wa mgongo, bahari imefunga na daktari hafikiki. Miezi michache baadaye wanakisiwa walimpelekea waziri mkuu, Éamon de Valera, simu ya maandishi wakisema dhoruba imewazuia na chakula kimekwisha. De Valera alikuwa mpenzi mkubwa wa lugha, na alikwenda kisiwani mwaka huo akawasikiliza. Walichotaka ni kuhamishwa. Tarehe 17 Novemba 1953 ndipo wakaazi wa mwisho, waliobaki 22 tu, walipoanza kuhamishiwa bara.

Hapo pana swali ambalo wapenda lugha hulikwepa, nami sina budi kuliweka wazi. Wasomi walikwenda Blascaod kwa sababu ilikuwa imejitenga. Kiingereza hakikuwa kimefika kwa sababu barabara, daktari na duka pia havikuwa vimefika. Usafi wa lugha uliowavutia ulikuwa sura nyingine ya ufukara wa wasemaji wake. Sisemi kwamba wageni wale walikuwa na nia mbaya. Flower na Thomson waliwapenda watu wale hadi mwisho wa maisha yao, na pasipo Ó Ceallaigh tusingekuwa na An tOileánach. Lakini mgeni aliweza kuondoka na kile alichokijia, ilhali mwenyeji aliyetaka kile ambacho mgeni alikuwa nacho, yaani mshahara na hospitali, ilimlazimu kuiacha nyumba yake, na mara nyingi lugha pia.

Mafunzo ya leo yamejaribu kulijibu tatizo hili kwa fedha. Tangu mwaka 1904, kilipofunguliwa chuo cha kwanza cha kiangazi huko Béal Átha an Ghaorthaidh, bara, kwa ajili ya walimu, desturi imeenea hadi visiwani: Inis Oírr, Inis Meáin, Cléire. Kila Juni meli ndogo hushusha vijana wa mijini na masanduku yao, wakae wiki tatu katika nyumba za wenyeji. Asubuhi ni masomo, mchana michezo na bahari, usiku ngoma za kienyeji. Mama mwenye nyumba, bean an tí, ndiye nguzo. Yeye hana cheti cha ualimu, ila ndiye anayemwuliza kijana mezani kama anataka viazi zaidi, na asimpe mpaka ajibu kwa Kiayalandi. Serikali huilipa nyumba kwa kila mwanafunzi kwa kila usiku, kwa sharti kwamba lugha ya nyumba iwe Kiayalandi kweli. Kwa kisiwa kidogo, malipo hayo yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya familia kubaki na familia kuhama. Ndiyo maana viangazi vya mwaka 2020 na 2021, mafunzo yalipositishwa kwa ajili ya UVIKO, hofu visiwani haikuwa ya ugonjwa peke yake. Akina mama waliokwisha kuzeeka katika kazi hiyo walipofunga vyumba, haikujulikana nani atavifungua tena.

Sensa ya mwaka 2022 ilipata watu wapatao milioni 1.87 katika Jamhuri ya Ayalandi waliosema wanakijua Kiayalandi. Waliosema wanakitumia kila siku nje ya shule walikuwa wapatao 72,000. Katika ule umbali baina ya hesabu mbili ndimo vijana wa masanduku wanamoishi. Katika vyuo vingi mwanafunzi akikamatwa mara kadhaa akisema Kiingereza hurudishwa kwao kwa meli inayofuata, na wazazi hulalamika kwamba sheria ni kali. Tomás hakuwa na sheria hiyo. Mgeni wake akishindwa kusema neno kwa Kiayalandi, ilimbidi anyamaze, maana nyumba nyingi za kisiwa hazikuwa na lugha nyingine ya kumjibia.

Blascaod yenyewe haina mafunzo hayo. Haina nyumba ya kumlaza mwanafunzi kwa mwenyeji, kwa kuwa mwenyeji hayupo. Kuta nyingi zimebaki bila paa, na kondoo hupita milangoni. Nyumba ya Tomás, aliyoijenga kwa mikono yake, imekarabatiwa na serikali. Wageni wa kiangazi huinama mlangoni, huingia, hutazama meko, kisha huwahi boti ya mwisho kabla bahari haijachafuka.